Siku Bomba la Savonnerie Lilipoacha Kutoa Moshi

Mmeshawahi kuona watu wakikimbia hewa safi?

Mimi nimeona. Tena nilikuwa mbele kabisa, jembe nimetupa, viatu nimetupa, kitenge nimekikunja mpaka magotini.

Watu wakisikia mwanzo wa kisa hiki wanacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka siku ile. Naandika kwa sababu dada yangu Nadège amechoka na kunyamaza kwangu. Aliniambia, "Kama kusema hapana, basi andika kwa simu, weka ku Facebook, watu basome." Nimeweka.

Naitwa Hulda. Naishi Mulekera, hapa Beni, nyuma ya kiwanda cha sabuni, savonnerie tunavyokiita. Nikisema nyuma, sisemi mtaa wa pili. Ukuta wa kiwanda ndio ukuta wa choo chetu.

Kiwanda kile kina chaudière mbili. Ni mapipa makubwa ya chuma yanayochemsha maji mpaka yawe mvuke, na mvuke huo ndio unaopika mawese yawe sabuni. Miaka yote moto wake ulikuwa unakula oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kwenye magari. Oili ikipungua wanaongezea kuni, na siku mbaya vipande vya matairi.

Moshi wake, jamani. Mweusi tii.

Kwetu nguo nyeupe hatukuijua. Unaanika shuka asubuhi, jioni unaanua kitu cha rangi ya majivu. Ukipenga kamasi, nyeusi. Ukipanguza meza, baada ya muda mfupi unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Mume wangu Manassé alikuwa anafanya kazi palepale kwenye chaudière, pamoja na rafiki yake Mathe. Moto wa kiwanda ulikuwa mikononi mwao. Kwa hiyo moshi ule ulitulisha na ulitukaba, yote mawili.

Aliyekabwa zaidi ni mtoto wetu Joyeuse. Ana miaka saba. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, kulala chali hawezi, mpaka nimwegemeze kifuani kwangu amekaa. Nilimpeleka kwa daktari, akamsikiliza mgongoni, akavua miwani.

"Mama Joyeuse, dawa nitakupa. Mais ile moshi inamurudisha nyuma kila siku. Muhame."

"Na kama hatuna fasi ya kuhamia?"

"Basi mimi sijue tena."

Tuhamie wapi? Pembezoni mwa mji hakulaliki, katikati hakuna chumba. Nyuma ya kiwanda angalau kuna walinzi. Tukabaki, na mtoto akaendelea kupiga filimbi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua.

Sisi wanawake wa Mulekera tuna mashamba nje ya mji. Huko ndiko wanakotokea wale watu wa porini wanaoua. Hatuwataji jina, tunasema "wale", na kila mtu anaelewa. Mtandao wa simu hakuna kule. Uko peke yako na jembe lako. Utajuaje kwamba kuna hatari?

Unaangalia moshi.

Kiwanda kikipata habari mbaya, kitu cha kwanza ni kuzima moto, kufunga geti na kupeleka wafanyakazi nyumbani. Moshi unakatika. Bomba likifuka, mji umetulia, lima. Moshi ukikatika, usiulize, beba mtoto, rudi.

Hakuna aliyetufundisha. Hakuna chef wa mtaa wala padri aliyetangaza. Jambo lilizaliwa lenyewe, likakua. Asubuhi tukikutana njiani hatukuulizana habari za kulala.

"Moshi iko?"

"Iko."

Ndipo tunakwenda. Moshi uleule uliokuwa ukimnyonga mtoto wangu usiku, mchana mimi nilikuwa nautafuta kwa macho.

Shamba langu lilipakana na la Katungu, mke wa Mathe. Huyu ndiye alikuwa rafiki yangu. Kwenye ndoa ya kaka yake tulinunua kitenge cha aina moja mimi na yeye, kikwembe tunavyosema, cha rangi ya machungwa chenye ndege weupe, tukashona sare. Tulipoingia kanisani watu walisahau kumtazama bibi harusi. Katungu akicheka, unamsikia kutoka barabarani.

Mathe alikuwa anamwambia kila kitu. Nani amegombana na nani kazini, patron, mwenye kiwanda, amekasirika kwa nini, nani anatafuta mke wa pili. Nilikuwa namtania, "Mathe akimeza nzi, wewe unajua kabla hajafika tumboni."

Rohoni nilikuwa na wivu. Manassé wangu ni mtu wa kimya. Kumtoa neno ni kazi ya siku nzima.

Jambo moja tu lilikuwa linamfungua mdomo: kubadilisha ule moto. Kuna fundi wa Butembo, anaitwa Gamaliel, huwa anakuja kutengeneza chaudière. Yeye ndiye alimwambia kwamba kuna brûleur za kisasa, ile pua ya chuma inayopuliza moto ndani ya pipa. Siku ile Manassé alirudi nyumbani hata kula akasahau.

"Mama Joyeuse, unajua moshi nyeusi ni nini? Ni mafuta yenye hayakuungua. Patron anayanunua, halafu anayatupa kwa kifua ya mutoto wetu."

"Na hiyo brûleur inafanya nini?"

"Inanyunyiza mafuta laini kabisa, inachanganya na hewa sawasawa. Moto inakuwa bluu. Tena haichome sana fasi moja, donc hata ile gaz mubaya yenye macho haione inapunguka. Juu ya cheminée, kule kwa bomba, unaona hewa inatetemeka tu. Basi."

Alimsumbua patron mpaka patron akakubali. Patron anaishi Butembo, mtu wa maduka na magari, akaahidi ataagiza. Tukamwambia Joyeuse. Mtoto akaomba gauni jeupe, nikamnunulia. Brûleur haikuja.

Patron akaahidi tena. Ikakwama mpakani Kasindi, na ilipotoka kumbe si ya kipimo chetu, haikuingia kwenye mdomo wa chaudière. Gauni likabaki limetundikwa msumarini, likawa kijivu bila kuvaliwa. Manassé alilitazama siku moja akasema, "Sitasema tena kitu chenye sijaona na macho."

Sikujua kwamba amekula kiapo.

Basi ikaja siku yenyewe. Ni kiangazi, watoto hawaendi shule. Joyeuse nilimwacha na bibi yake Jokébed, mama wa Manassé. Njiani tukaulizana kama kawaida. Moshi iko? Iko. Tukaenda, mimi, Katungu, mama Kanyere ambaye ni mkubwa wetu, na wengine wa mashamba ya jirani.

Katungu siku ile hakutulia. Anang'oa muhogo, anatazama juu, anacheka peke yake.

"Una nini leo?" nikamuuliza.

"Ngoja. Utaona."

"Nitaona nini?"

"Mama Joyeuse, leo utaniletea kuku."

Nikamwacha na vituko vyake. Nilikuwa nimeinama kwenye maharagwe niliposikia sauti ya mama Kanyere.

"Moshi imekatika!"

Nikainuka. Upande wa mji kulikuwa na mbingu tu, nyeupe, tupu. Bomba limesimama pale limekauka.

Mbio zake si za kusimulia. Kila mtu alitoka mguu niponye. Vitunga chini, majembe chini, mwingine analia jina la mtoto, mwingine hata kulia hawezi.

Katungu alisimama katikati ya muhogo wake, mikono kiunoni, anacheka mpaka machozi.

"Mungojee! Hapana vita! Ni brûleur mupya! Mathe aliniambia, wanazima chaudière ya zamani, wanawasha ile ingine! Hii haitoe moshi!"

"Brûleur ni nini?" mama Kanyere akauliza, huku ameshageuka kukimbia.

"Ni moto ya kukosa moshi, mama!"

"Tangu nizaliwe sijaona moto ya namna ile. Kimbia, mwana."

Mimi nilisimama. Nilisimama kidogo tu, lakini ni pale ninapokaa mpaka leo.

Nilifikiri hivi: kama ni kweli, Manassé angeniambia. Habari ya pumzi ya mtoto wetu, yeye aijue, Mathe aijue, mke wa Mathe aijue, mimi nisijue? Haiwezekani. Kwa hiyo si kweli. Mathe amempiga porojo mke wake.

"Katungu, twende!"

"Enda wewe. Mimi minamaliza muhogo yangu. Mangaribi utakuja kula sombe kwangu, nitakucheka mpaka uombe pardon."

Nikamshika mkono. Akautoa taratibu, bado anacheka.

Nikakimbia.

Mnajua mji wetu. Wanawake wakiingia mbio kutoka mashambani, hakuna anayeuliza. Maduka yakaanza kufungwa, pikipiki zikapakia watu watatu watatu. Nyumbani hata sikufika. Bibi Jokébed nilimkuta barabarani, Joyeuse mgongoni, maana habari ilikuwa imenipita. Kama ningefika kwenye ule ukuta wetu ningesikia mashine za kiwanda zinanguruma kama siku zote. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza ukuta?

Lori la magunia lilikuwa linaondoka kwenda Butembo. Tukapanda juu ya magunia. Simu yangu niliiacha shambani, ndani ya kitunga.

Njia nzima nilijua mimi ni mjane. Nilikuwa nimeshapanga nani atanisaidia na matanga. Joyeuse alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa natazama vumbi.

Butembo tulifika mchana, tumekuwa wekundu kwa vumbi mpaka kope. Nadège ana duka la vitambaa karibu na soko. Aliponiona alishika kichwa kwa mikono miwili, na kabla hajasema neno simu yake ikalia.

Alikuwa Manassé.

Alikuwa anacheka. Mimi nimeolewa naye miaka mingi, sijawahi kumsikia anacheka namna ile.

"Mumekimbia nini? Mama Joyeuse! Mumekimbia hewa!"

"Uko muzima?"

"Niko muzima, hakuna kitu! Tumewasha brûleur! Moto bluu, bluu kabisa, Gamaliel iko hapa, patron anacheza! Mumefukuza mji mzima!"

Mathe akamnyang'anya simu.

"Shemeji! Bote mulikimbia, mais mama Kanyere anasema bibi yangu Katungu alibakia. Minasema kila siku, ule mwanamuke iko na akili!"

Nadège akaanza kucheka. Wateja wakacheka. Bibi Jokébed akacheka mpaka akakaa juu ya marobota ya vitambaa. Na mimi nikacheka kidogo, kwa aibu, nikijua Katungu atanitesa na jambo hili mwaka mzima.

Halafu hasira ikanishika.

"Manassé, kwa nini hukuniambia?"

Nikasikia watu wanaimba nyuma yake.

"Nilitaka uone kwanza na macho yako," akasema. "Ile robe nyeupe ya Joyeuse, yenye ilibakia kwa musumari. Sikutaka mara ya tatu."

Nikamkatia simu. Nililala kwa Nadège nimenuna, nikijiona mwanamke mjinga kuliko wote wa Beni, na wote wa Butembo ukiongeza.

Asubuhi simu ikalia tena. Tulikuwa tunakunywa chai.

"Hulda."

Mume wangu haniiti Hulda. Tangu tuzae, mimi ni Mama Joyeuse. Nikaweka kikombe chini.

"Hulda. Katungu."

Wale walipita mashambani jana yake, jua likiwa linaelekea kushuka. Mashamba yote yalikuwa matupu, maana sisi tulikuwa tumekimbia kitu ambacho hakikuwepo. Walikuta mtu mmoja tu.

Nadège alilia kwa sauti. Bibi Jokébed alilia. Mimi niliuliza swali moja, na mpaka leo sijui kwa nini niliuliza lile.

"Alikuwa amemaliza muhogo?"

"Kitunga ilikuwa imejaa," Manassé akasema.

Nilimshukuru. Nikarudi kumalizia chai.

Tulirudi Beni kwa matanga. Katungu walimzika na kikwembe chake cha machungwa, dada zake ndio walichagua. Mathe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, watu wanampa mkono, wanamwambia ni mapenzi ya Mungu. Yeye alikuwa anajibu maneno yaleyale kwa kila mtu.

"Nilimwambia. Mimi mwenyewe nilimwambia."

Ilipofika zamu yangu akanitazama, mimi na Manassé tumesimama pamoja mbele yake.

"Wewe hakukuambia," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapiga hesabu tu, na hesabu ilikuwa inakubali. Mume wangu alinificha, na mimi niko hai. Mume wa Katungu hakumficha kitu tangu waoane, na yeye tumemzika.

Mbingu ilikuwa safi juu ya matanga yale. Wamama wa kwaya walikaa nje siku nzima na nguo zao nyeupe, na jioni zilikuwa bado nyeupe. Hakuna aliyekohoa.

Kwetu, Joyeuse alilala chali kwa mara ya kwanza. Nilimtazama kifua chake kinapanda na kushuka, hakuna filimbi. Nilijua kwamba hii ndiyo furaha niliyoiomba kwa rozari. Niliijua, lakini sikuisikia. Nikamfunika shuka nikaenda kuosha masufuria.

Baada ya hapo mashamba yalikaa bila mtu. Nani ataenda, na ataangalia nini? Maharagwe yakakaukia shambani. Sokoni fungu la muhogo likawa dogo, kisha likawa la kutia huruma.

Wanawake wakakusanyika getini. Akatoka Kitsa, msimamizi wa kiwanda, mtu mpole, hajui la kufanya na mikono yake. Mama Kanyere akasema kwa ajili yetu wote.

"Murudishe moshi yetu."

"Mama, ile moshi ilikuwa inaua batoto."

"Na kukosa moshi kumeua nani?"

Kitsa akaingiza mikono mifukoni. Wanawake wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu wote wanamjua Joyeuse, na wote walimjua Katungu. Niseme moshi urudi, nimnyonge mtoto wangu? Niseme usirudi, mbele ya Mathe? Manassé alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo Mathe akasogea mbele. Tulijua atasema nini. Mtu ana haki ya kusema lolote.

"Moshi, hapana," akasema. "Batoto banapumua. Muache bapumue. Mutafute alama ingine, yenye kila mutu anajua. Kila mutu. Hapana bibi yangu peke yake."

Nikaondoka pale bila kuaga. Nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa kikwembe changu, kile cha machungwa chenye ndege weupe. Nilikuwa sijakivaa tangu ile ndoa, nilikuwa nakiogopea moshi.

Nikarudi nikampa Mathe. Alikitambua. Alikishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ndege.

"Wasingya," akaniambia, asante kwa Kinande, kwa sauti ndogo.

Bomba lile lina ngazi ya chuma. Akapanda mpaka juu, akakifunga. Kitambaa kikajitandaza kwenye hewa ya moto, na rangi ile unaiona kutoka mashamba yote. Jumapili ilitangazwa kanisani kwetu na kwa Waprotestanti: kikiwa juu, mji umetulia, kikishuka, rudini. Tangu hapo Mathe anakipandisha kila asubuhi mwenyewe, hamwachii mtu.

Mtaniuliza mafunzo yako wapi. Ninayo haya tu. Ukitaka kuwaondolea watu ubaya waliouzoea, ulize kwanza walikuwa wanautumia kwa kazi gani. Na ukishajua, waambie wote kwa siku moja, kuanzia yule aliye mbali shambani.

Mimi nimerudi kulima. Joyeuse amevaa gauni lake, nililifua mara nyingi mpaka likakubali. Kulia bado sijalia, Nadège anasema itakuja. Shamba la Katungu nalilima pamoja na langu, kwa ajili ya watoto wake.

Asubuhi tukikutana njiani hatuulizani tena habari ya moshi. Sijui nani alianza. Nadhani ni mama Kanyere, maana macho yake yamechoka, haoni mbali, lazima aulize.

"Katungu iko?"

Natazama juu ya bomba.

"Iko," namjibu. Kisha tunakwenda.